Madoa meupe yamepotea kwa samaki wa chumvi, bosi anasema wamepona. Karantini ni ya nini sasa?

#1 JaTangi_Ksm
Wadau habari. Mimi naangalia tangi la maji chumvi kwa mapokezi ya hoteli moja hapa Kisumu, lita kama mia sita, liko na matumbawe kidogo, kamba wawili wa kusafisha na samaki. Mwezi uliopita bosi aliagiza samaki kangaja (surgeonfish) wa bluu kutoka Pwani, akaja na basi ya usiku, na bosi akasema aingie moja kwa moja juu kuna harusi wikendi na wageni lazima waone kitu ya bluu. Mimi nilikuwa nimeandaa tangi dogo la karantini kule stoo, nikaambiwa hiyo ni nafasi ya mop na ndoo.

Haya. Siku chache baadaye kangaja akaanza kujikuna kwa mawe, akatoka madoa meupe kama chembe za chumvi, sana kwa mapezi, na tafi naye akapata machache. Baada ya muda si mrefu madoa yote yakaisha bila dawa. Bosi akaniita akanionyesha, unaona, samaki hujitibu, wewe ulitaka niingie gharama ya bure.

Juzi asubuhi nafika napata watatu wamekufa usiku mmoja: kangaja, tafi na kipepeo mkubwa. Hawana doa hata moja. Nemo wawili (clownfish) na gobi wako sawa na wanakula kama kawaida. Sasa niambieni, ni nini iliwaua, na hii karantini inasaidia kweli ama ni stori za watu wa YouTube? Nataka jibu la kumpelekea bosi.

#2 MzeeWaChumvi_Nax
Madoa kupotea si kupona. Andika hiyo kwa karatasi umbandikie bosi kwa glasi ya tangi.

Hiyo ni Cryptocaryon irritans, white spot ya baharini. Kale kadudu hukaa chini ya ngozi ya samaki siku tatu mpaka saba kakila, kakishiba kanajiachia kanaanguka chini kwa mchanga na mawe, kanajifunga ganda. Ndani ya ganda kanajigawa, na ganda moja linaweza kutoa vidudu mia mbili na zaidi. Hivyo vikitoka vinatafuta samaki. So wakati bosi alikuwa anasherehekea ati samaki wamepona, walikuwa wameshuka tu chini kuzaana. Raundi ya pili ndio huua, na mara nyingi inaingia kwa matamvua kwanza, ndio maana huoni doa kwa maiti.

Tangi liache bila samaki siku 76, full stop.

#3 AtienoAkwa
Nimekaa hapa nasoma. Lakini hiyo ya mop imeniua 😂😂 samaki wa bei hiyo wananyimwa nafasi na mop.

#4 MwanaShimoni
Salaam kutoka Pwani. Kabla hamjatuangushia sisi lawama, maana naona mnakoelekea, nataka kuuliza: huyo kangaja alikaa ndani ya mfuko saa ngapi? Na alipofika mlimfanyaje? Maana watu wa bara mna tabia ya kufungua mfuko mkaanza kudondoshea maji tone tone saa nzima na zaidi, mkidhani mnamhurumia. Samaki akisafiri usiku kucha mfuko umejaa kabonidioksidi, kwa hivyo pH, kipimo cha asidi ya maji, iko chini na amonia haijawa kali. Ukifungua tu, ile hewa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu dakika hiyohiyo. Unamchoma matamvua mwenyewe halafu wasema Shimoni wametuletea samaki mgonjwa.

Mimi hupima chumvi ya tangi la kumpokelea ikalingana na ya mfuko, nasawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, nakata, namtoa samaki, maji ya mfuko namwaga nje. Basi.

Na jambo la pili, baharini samaki ana vimelea wachache kwa sababu bahari ni kubwa, kale kadudu kakitoka gandani hakampati mtu. Wanazidi pale samaki wengi wanapowekwa pamoja kusubiri gari, na wanazidi zaidi kwenye tangi lenu la lita mia sita.

#5 BondeLaUfa
Mnakimbilia white spot haraka sana. Watatu usiku mmoja? Hiyo ni velveti, Amyloodinium. Hiyo ndio huua hivyo. Samaki anapumua mbiombio, anajificha mwanga, ama anaenda kusimama mbele ya pampu pale maji yanakimbia, halafu ukimwangalia kwa tochi upande upande unaona vumbi la rangi ya dhahabu kwa ngozi. Siku mbili tatu ameenda. Dakitari wa YouTube ama si wa YouTube, hiyo ni velveti.

#6 MzeeWaChumvi_Nax
@BondeLaUfa Velveti gani inachagua? Nemo hushikwa na velveti vizuri sana, tena hawachukui muda. Kama ingekuwa velveti, Nemo wangekuwa wa kwanza kwenda na JaTangi angekuwa amebaki na maji na kamba wake.

#7 BondeLaUfa
Na kama ni white spot mbona Nemo hawana doa hata moja tangu mwanzo? Hiyo pia inachagua?

#8 AtienoAkwa
🍿

#9 MwalimuBio_Kakamega
Wakuu, mnaruhusu mwalimu aingie kidogo? Niko na tangi dogo la chumvi kwa maabara ya shule na wanafunzi wangu wananiuliza haya maswali kuwashinda.

Kwanza #7: inaweza kuchagua, ndiyo. Samaki aliyewahi kuambukizwa akanusurika hujenga kinga ya muda, kiasi, inaweza kuenda miezi kadhaa. Kama Nemo wamekaa kwa hilo tangi muda mrefu na ugonjwa ulikuwa humo chini chini, wao wana kinga, mgeni hana. Halafu ngozi hutofautiana. Samaki wenye ute mzito, mfano wale mandarini, hushikwa kwa nadra. Kangaja ndiye mwepesi kuliko wote, na huyo wa bluu wa Bahari ya Hindi anajulikana dunia nzima kwa hiyo.

Pili, nataka kumrekebisha Mzee kwa heshima. Siku 76 sio sheria ya Musa. Maganda mengi hupasuka kati ya siku 3 na 28. Kuna lililowahi kuchukua siku 72 kwenye maabara, na hapo ndipo watu wakaongeza kidogo wakapata 76. Na joto linabadilisha kila kitu, maji yakiwa ya joto mzunguko unaenda haraka. Siku hizi wengi wanasema 45 zinatosha ukishikilia nyuzi 27 bila kushuka.

Ila hapa kuna jambo ambalo hamjaligusa. Ikiwa Nemo ndio waliokuwa nao, basi kangaja hakuleta ugonjwa. Aliukuta.

#10 MwanaShimoni
Mwalimu Mwenyezi Mungu akuzidishie 🙏 Ndio nilikuwa nasubiri mtu aseme.

#11 MzeeWaChumvi_Nax
Mwalimu nimekusikia ya 45. Mimi niko Nakuru, usiku hapa baridi, hita ikizima maji yanashuka mpaka nyuzi ishirini na kidogo, so mimi nabaki na 76 yangu na nalala vizuri.

#12 JaTangi_Ksm
Asanteni. @MwanaShimoni mfuko ulikaa kama saa kumi na sita hivi, na ndiyo, kuna mtu alidondoshea maji, si mimi, mimi nilikuwa nimeenda kutafuta nafasi nyingine ya tangi langu 😏

@BondeLaUfa sikuona vumbi. Lakini leo nimeongea na askari wa usiku, ati ile usiku stima ilipotea saa saba, jenereta ikawashwa ya jikoni na taa za nje peke yake. Ikarudi karibu saa kumi na moja. Tangi lilikuwa limezimika kabisa masaa yote hayo na hakuna mtu aliniambia.

#13 FundiPampu
Mambo imeisha hapo. Uzi ufungwe.

Hewa! Hewa ndio iliwaua. Maji chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwa nyuzi 27 maji ya ziwa yakishiba hewa yanabeba kama miligramu 8 kwa lita, maji ya bahari ni 6.5 hivi. Na hiyo ni pale Mombasa kwa usawa wa bahari. Kisumu mko zaidi ya mita 1,100 juu, toa tena sehemu ya kumi na kitu. Nakuru ndio mbaya zaidi. Sasa zima pampu masaa manne usiku, wakati matumbawe na mwani pia wanavuta hewa hiyo hiyo. Nani anakufa? Wakubwa. Kangaja, tafi, kipepeo. Nani anabaki? Nemo na gobi, vitu vidogo. Angalia orodha yako vizuri.

#14 BondeLaUfa
Hii nayo ina maana. Narudi nyuma kidogo kwa velveti.

#15 MzeeWaChumvi_Nax
Uzi haufungwi. Fundi, stima inapotea hapa kila wiki na samaki wangu hawafi. Samaki mwenye matamvua mazima anavumilia masaa manne kwa tangi la lita mia sita lenye uso mpana. Aliye na matamvua yaliyotobolewa na vidudu hawezi. Stima ilimaliza tu kazi.

#16 FundiPampu
Au matamvua yalichomwa na amonia ya ule mfuko kama #4 alisema. Huwezi jua bila darubini.

#17 MwalimuBio_Kakamega
Darubini ya shule inatosha kabisa, hata ile ya wanafunzi wa fom tu. Maiti ikiwa bado fresh unakata kipande kidogo cha tamvua, unaweka kwa kioo na tone la maji ya tangi, unaangalia ukuzaji wa mara mia. Cryptocaryon utaona kitu cha mviringo kinazunguka polepole, kina vinywele pembeni. JaTangi, maiti ziko wapi?

#18 JaTangi_Ksm
Paka wa jikoni.

#19 AtienoAkwa
🤣🤣🤣🤣 Paka wa Kisumu kazoea mbuta, leo kala kangaja wa kuagizwa

#20 MamaNemo
Mimi nitasema ukweli ambao wengine hawataki kusikia. Niko na tangi kwa nyumba hapa Milimani na sijawahi weka samaki karantini. Nalisha vizuri, mara kadhaa kwa siku, nori (mwani mkavu) ya kutosha, kitunguu saumu kwa chakula, taa ya UV, siwajazi. White spot iko kwa tangi langu, najua iko, mara moja moja naona doa kwa mtu halafu linaisha. Hao samaki wana kinga na wanaishi nayo. Karantini yenu nimeona ikiua samaki kuliko ugonjwa wenyewe. Unamtoa samaki baharini, mfukoni, unamweka kwa kindoo kitupu hakina jiwe, amonia inapanda, unamwagia sumu ya shaba, hali chakula, halafu akifa unasema alikuwa mgonjwa.

#21 MzeeWaChumvi_Nax
Mama, kitunguu saumu hakijawahi ua kidudu hata kimoja. Inafanya samaki apende chakula, labda. Na hiyo UV inaua vile vinapita ndani yake tu, vingine havipiti.

Na siku ile utaleta mgeni mmoja ako na velveti hiyo tangi yote itaenda, kinga ya white spot haijui velveti.

#22 MamaNemo
Bado nangoja hiyo siku 😌

#23 DktMifugo_Kitale
Nimeitwa na mtu inbox nije hapa. Mimi ni wa ng'ombe zaidi lakini samaki pia nimesomea.

MamaNemo ana pointi kwa jambo moja: karantini mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Tatizo kubwa ni amonia. Tangi jipya halina bakteria wa kuivunja. Kwa hivyo sponji ya filta iwekwe kwa tangi kubwa wiki kadhaa kabla, ijae bakteria, ndiyo uihamishie. Lakini JaTangi angalia, kama tangi kubwa tayari lina vimelea, hiyo sponji usiitoe humo.

Dawa sasa. Shaba ndiyo inajulikana zaidi, inafanya kwa white spot na kwa velveti. Kuna aina mbili na watu wanazichanganya: ile ya ioni unashika 0.15 mpaka 0.20 mg kwa lita, ile iliyofungwa, mfano Copper Power, inaenda 2.0 mpaka 2.5. Ukichukua kipimo cha moja ukaweka kwa nyingine umeua samaki au hujaua kidudu. Pima kila siku na kipimo cha kueleweka, sio cha kukisia rangi kwa macho. Na shaba haiui kidudu kikiwa ndani ya ngozi wala ndani ya ganda, inaua kile kinachoogelea, ndiyo maana lazima ikae kwa kiwango bila kushuka karibu mwezi mzima. Ikishuka siku moja unaanza kuhesabu upya.

Usiweke mchanga wala mawe, yanainyonya. Usiweke kamba, kaa, wala tumbawe, itawaua. Na zile dawa za kuondoa amonia ukiziweka pamoja na shaba zinaweza kuifanya iwe sumu kwa samaki, kwa hivyo amonia ikipanda badilisha maji, rudisha shaba kwa kiwango.

#24 Wuon_Nyando
Daktari samahani, nimesikia klorokwini pia inafanya. Ile ya malaria ya zamani? Juu mamangu alikuwa na kopo zima kwa kabati.

#25 DktMifugo_Kitale
Ni dawa ileile ndiyo, klorokwini fosfeti, lakini inatakiwa unga safi, 10 mpaka 15 mg kwa lita. Vidonge vina vitu vingine ndani. Na hiyo ya kabati iache, Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria 1998, ni ya miaka mingapi hiyo?

Na isiwe kinyume pia. 2020 kule Arizona Marekani kuna mtu alikunywa ile ya samaki akidhani anazuia korona, akafa.

#26 MzeeWaChumvi_Nax
Klorokwini nakumbuka kujikuna usiku kucha nikiwa mtoto. Ndio kangaja anajikuna hivyo 😂

#27 Wuon_Nyando
Sawa daktari, ya mama inaenda chooni. Na ile ya kichocho? Prazi ile watoto wanapewa shule huku kwa ziwa, wanapimwa na ile fimbo ya urefu unaambiwa wewe vidonge vitatu.

#28 DktMifugo_Kitale
Prazikwanteli ni nzuri sana lakini ni ya kitu kingine. Inaua minyoo bapa, wale wanaoshika ngozi na matamvua na macho. White spot na velveti haiwagusi hata kidogo. Kwa maji ni kama 2.5 mg kwa lita, unarudia baada ya kama wiki moja juu mayai hayafi mara ya kwanza. Shida yake haiyeyuki kwa maji vizuri, wengine huyeyusha na pombe kali kidogo kwanza.

#29 BondeLaUfa
Pombe kali kama gani, daktari? Huku tuko na ya kienyeji 👀

#30 AtienoAkwa
Kangaja atakunywa chang'aa aanze kuongea Kijaluo

#31 JaTangi_Ksm
Turudi kwa uzi tafadhali 😂 Nataka kuuliza kuhusu kupunguza chumvi. Kuna jamaa ameniambia nipunguze chumvi ya tangi lote, vidudu vinapasuka, hakuna haja ya dawa.

#32 MwalimuBio_Kakamega
Inafanya kwa white spot, ukishusha kipimo cha chumvi (uzito wa maji) mpaka 1.009 na ukae hapo bila kupanda, kama mwezi. Maji ya bahari ya kawaida ni 1.025. Ikienda hata 1.011 umepoteza muda, na unahitaji refraktometa (kifaa cha kupima chumvi) iliyopimwa, ile ya mshale wa plastiki itakudanganya. Kwa velveti haifanyi kazi. Na wewe uko na matumbawe na kamba kwa hilo tangi, watakufa wote, viumbe wa kwa mawe nao wataoza. Fanya kwa tangi la pembeni tu.

Kuna na njia ya kuhamisha: kila saa 72 au chini ya hapo samaki anahamishwa kwa ndoo nyingine safi yenye maji mapya, mara nne. Kidudu kinaanguka, kabla ganda lake lipasuke samaki ameshaondoka. Hakuna dawa yoyote. Ya kwanza inaoshwa inakaushwa kabisa, kukauka kunaviua.

#33 KijanaWaLanet
Swali la mtu wa Nakuru: kwani siwezi tumia maji ya Lake Nakuru? Si ni ya chumvi pia na iko tu hapo

#34 MzeeWaChumvi_Nax
Kijana hapana. Hiyo ni magadi, sodiamu kabonati, pH inaenda kumi. Ya bahari ni 8 na kidogo, chumvi yake ni kloraidi. Hata samaki waliomo, wale wadogo, waliletwa kutoka Magadi miaka ile wale mbu. Nemo ukimweka pale utapata supu.

Na maji ya kisima ya huku pia usichanganyie chumvi hivyo hivyo, yana floraidi, angalia meno ya watu wa Bonde. Pitisha kwa mashine ya RO, ile ya kuchuja maji, kwanza.

#35 KijanaWaLanet
Meno yangu umeyataja kwani 😬

#36 MwanaShimoni
Maji halisi ya bahari twawapelekea kwa mitungi ya lita ishirini mkitaka. Lakini yakae gizani kwanza wiki kadhaa, yamefunikwa, kwa sababu hayo pia yaweza kuja na vidudu. Kidudu kinachoogelea kisipopata samaki kinakufa ndani ya siku mbili, ila ganda lililokuja na takataka za chini laweza kukaa.

#37 JaTangi_Ksm
Sawa nimefika kwa bosi leo. Nimemweleza. Amesikiliza vizuri kabisa, halafu akaniuliza wale wengine wanakuja lini, Jumamosi kuna mkutano wa kaunti.

Nimemwambia siku 45. Ameangalia tangi akasema "lakini hao wawili si wako sawa?" Akimaanisha Nemo. Sasa Nemo nawaacha ama vipi? Juu tangi bila samaki kabisa hawezi kubali.

#38 MzeeWaChumvi_Nax
Wanatoka. Wote. Na gobi. Samaki hata mmoja akibaki, vidudu vina pa kula na hizo siku 45 ni za bure. Huyo asiye na doa ndiye mbaya zaidi.

#39 MamaNemo
Au awaache, asiongeze kangaja tena, alishe vizuri, aongeze wawili wadogo wagumu wagumu, na maisha yaendelee. Hoteli sio maabara.

#40 FundiPampu
Na anunue pampu ya betri! Mnaongea vidudu tu na hiyo pampu ndogo ya hewa inayojiwasha stima ikienda mngekuwa na samaki watatu leo.

#41 DktMifugo_Kitale
Fundi kwa hiyo ya pampu tunakubaliana wote. Iwe na mipira miwili ya hewa, mmoja tangi kubwa mmoja karantini.

JaTangi, hao Nemo kuwashika utahitaji kutoa mawe mengi. Zima taa kwanza wakilala usiku, Nemo hulala pahali pamoja kila siku, wavu mbili, moja ya kufukuza moja ya kungoja. Gobi atakusumbua, yeye anaingia shimo. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuzwa, weka chakula ndani, asubuhi yuko humo.

Kwa tangi la karantini usinunue kitu ya maana. Lita themanini, mia hivi. Chini kutupu. Vipande vya paipu za PVC za inchi mbili, viwili vitatu, vilivyokatwa na msumeno na kusuguliwa midomo isiwakate, hapo ndio chumba chao cha kulala. Sponji mpya na bakteria wa chupa, hita, kifuniko juu Nemo aliyetishwa anaruka. Kipimo cha amonia karibu na mlango ili kila anayepita akuulize ni nini, utapata wa kukusaidia kupima Jumapili.

#42 BondeLaUfa
Na liwe mbali. Velveti inasafiri na matone ya maji hewani, mapovu yakipasuka na feni ikipuliza. Wanasema mita tatu angalau. Wavu zake, ndoo zake, mikono ioshwe na ikaushwe. Hapo kwa mop ni sawa kabisa kwa umbali, ila hiyo mop isitumike kupanguza maji ya upande huu na kuenda ule.

#43 JaTangi_Ksm
Na tangi kubwa wageni wataona nini siku 45?

#44 MwalimuBio_Kakamega
Kamba wanabaki, hawashikwi na white spot. Ongeza hao, kaa wa makombe, konokono, matumbawe yanayocheza cheza na maji, nyota. Watoto kwa maabara yangu wanapenda kaa kuliko samaki. Ila yeyote mpya anayekuja na kombe au jiwe pia anaweza kubeba ganda limeshikilia hapo, kwa hivyo waje mwanzo wa hizo siku, wasije katikati.

#45 MwanaShimoni
Kaa na nyota nitawapa. Kangaja msiniulize kwa sasa, kusi limeanza kuvuma, wapiga mbizi hawatoki kila siku. Na wakitoka nitamweka hapa kwetu kwanza peke yake, nimtazame akila, ndio nimpakie. Hilo la "karantini kamili" linaloandikwa na wauzaji wengi huwa ni siku mbili tatu kwenye beseni, wallahi, msilipie hilo.

#46 MzeeWaChumvi_Nax
Hapo umeongea ukweli. Ukilipia karantini ya mtu mwingine uliza dawa gani, kiwango gani, siku ngapi. Akijibu "walikuwa wanakula vizuri" rudisha pesa mfukoni.

#47 JaTangi_Ksm
Update: bosi amekubali nusu. Tangi la karantini linatoka kwa mop linaenda chumba cha jenereta, Nemo wanahamia leo usiku. Lakini ameuliza kama tunaweza kugeuza hilo kubwa liwe la maji baridi, tuweke ngege (tilapia), wageni wachague wao wenyewe wa kukaangwa.

#48 Wuon_Nyando
Huyo bosi ni genius aki 😂 Nakuja na ugali

#49 DktMifugo_Kitale
Ngege naye ana white spot yake, Ichthyophthirius, ya maji baridi, kidudu kingine kabisa lakini tabia karibu zinafanana. Atakuja na wewe hapa hapa.

#50 KijanaWaLanet
Mtu ako na refraktometa ya kuuza Nakuru? Imepimwa tafadhali, sio ya mshale.